Mshono wa zless

Ukitaka kuijua zless, amri ya Unix na Linux ya kusoma faili lililobanwa ukurasa kwa ukurasa, usianze na mwongozo wake. Isome yenyewe:

    less $(which zless)

Utakachokuta ni skripti fupi ya sheli. Ruka maelezo ya hakimiliki, ruka maandishi ya msaada, ruka na vifungu vya kukwepa hitilafu za matoleo ya kale ya less, programu ya kupanga maandishi kwa kurasa kwenye skrini. Kinachobaki ni kidogo mno, na kiini chake ni hiki:

    LESSOPEN="|gzip -cdfq -- %s"
    export LESSOPEN
    exec less "$@"

Matoleo mapya yameongeza alama mbili tatu mwanzoni mwa mstari wa kwanza, nitazifikia. Mstari huo unaiambia less kwamba kila faili inayotaka kulifungua ipitishe kwanza kwa gzip, programu ya kubana na kukunjua mafaili, kisha isome kinachotoka upande wa pili. Mstari wa mwisho unaiita less na kuiachia kazi yote. Yaani zless haijui kubana maandishi, haijui kuyakunjua, wala haijui kupanga kurasa kwenye skrini. Imeshona tu vitambaa viwili vilivyokatwa na mafundi ambao hawakuwa wakifikiriana. Na kwa jinsi ninavyoona baada ya kuishi na logi za seva (mafaili ya kumbukumbu za matukio) kwa muda mrefu, karibu kila kituko cha kusoma faili lililobanwa kinatokea kwenye mshono huo. Kitufe cha G, cha kuruka hadi mwisho, kinachelewa. Asilimia haionekani. Mara unaambiwa faili limeisha na kumbe bado. Kitambaa chenyewe ni kizima pande zote mbili.

Kitambaa cha kwanza kina umri wa kuheshimika. Mwaka 1978 Daniel Halbert, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika more. Zama za mashine za kuchapa kwenye karatasi zilikuwa zinapita, terminali za kioo zimeingia, na maandishi yaliyozidi urefu wa kioo yalikuwa yakipaa juu na kupotea. More iliyasimamisha: ukurasa mmoja, bonyeza nafasi, ukurasa mwingine. Tatizo lake ni kwamba ilikuwa ya kwenda mbele. Mwaka 1983 Mark Nudelman akaanza kuandika programu ya kurudi nyuma pia, akaiita less. Ndiyo, ni utani, na umedumu zaidi ya miaka 40.

Kitambaa cha pili kilizaliwa kwa ugomvi wa hataza. Kwenye Unix watu walikuwa wakibana mafaili kwa compress, ambayo ilitumia mbinu ya LZW, na hataza ya LZW ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Unisys. Mradi wa GNU ulihitaji kitu kisicho na mwenyewe wa kudai. Jean-loup Gailly na Mark Adler wakatoa toleo la kwanza la gzip tarehe 31 Oktoba 1992. Ndani yake kuna DEFLATE, mbinu aliyoibuni Phil Katz kwa ajili ya PKZIP, nayo imejengwa juu ya kazi mbili za kitaaluma: ya Lempel na Ziv ya mwaka 1977, na ya David Huffman ya mwaka 1952. Mwaka 1996 mbinu na umbo la faili vikaandikwa rasmi kama hati za kiufundi za intaneti, RFC 1951 na RFC 1952, na tangu hapo faili la .gz ni lile lile popote uendapo.

Nudelman alipoanza less, gzip ilikuwa bado miaka tisa mbele. Kilichowezesha vitu hivi viwili kushonwa ni cha zamani kuliko vyote: bomba, ile alama ya | ambayo Ken Thompson aliiingiza Unix mwaka 1973 baada ya kusukumwa sana na Doug McIlroy. Programu moja inamwaga maandishi, nyingine inayakinga, na hakuna anayeuliza yametoka wapi.

Kabla sijasahau, mtu anayetumia Mac atakuwa ameshakutana na mshono mwingine uliochakaa. Amri ya zcat, inayokunjua faili na kulimwaga kwenye skrini, ilikuwa mali ya compress kabla gzip haijaichukua, na compress ilitumia mafaili ya .Z. Kwenye macOS, ukiandika zcat logi.gz utajibiwa kwamba logi.gz.Z haipo. Tumia gzcat, au zcat < logi.gz, maisha yaendelee.

Mafaili haya yamejaa kila mahali kuliko tunavyodhani. Aliyewahi kuandika man ls kwenye Debian au Ubuntu, mifumo ya familia ya Linux, ameshasoma faili lililobanwa ukurasa kwa ukurasa bila kuambiwa: kurasa za mwongozo ziko /usr/share/man zikiwa .gz, kwa sababu sera ya Debian inataka zibanwe kwa gzip -9, na programu ya man inazikunjua na kuikabidhi less. Historia ya mabadiliko ya kila kifurushi iko /usr/share/doc, nayo .gz. Lakini mahali ambapo utazihitaji ukiwa na jasho usoni ni /var/log, zinakokaa logi.

Hapo logrotate, programu ya kuzungusha logi, ndiyo mwenye nyumba. Kwa muda uliopangwa inalibadili jina faili la syslog, logi kuu ya mfumo, kuwa syslog.1, lililokuwa syslog.1 linakuwa syslog.2.gz, na hivyo hivyo mpaka la mwisho linalofutwa. Wengi hujiuliza kwa nini la .1 halibanwi. Ni mpangilio uitwao delaycompress: programu iliyokuwa ikiandika kwenye logi inaweza kuwa bado imeshikilia faili la zamani na inaendelea kuandika humo, hivyo linapewa mzunguko mmoja zaidi kabla ya kubanwa. Matokeo yake una mchanganyiko, mengine yamebanwa, mengine hayajabanwa, nawe unataka kuyasoma yote mfululizo.

    zless /var/log/syslog*

Inafanya kazi, na sababu ni ile herufi f ndani ya -cdfq. Ukiiambia gzip c (toa kwenye skrini, usiandike faili), d (kunjua) na f (lazimisha) kwa pamoja, halafu ukaipa kitu isichokitambua, haigombi. Inakipitisha kama kilivyo. Kwa hiyo zless inasoma faili la kawaida sawasawa na lililobanwa. :n inakupeleka faili linalofuata, :p lililopita.

Wapo wanaopenda kukunjua kwanza halafu wasome. Sioni sababu, na ipo siku ambayo hawataweza hata wakitaka: siku diski imejaa. Amri ya df, inayopima nafasi ya diski, inaonyesha 100%, huduma zimeanza kuanguka, na maelezo ya nani aliyeijaza yamo ndani ya faili lililobanwa juzi. gunzip lazima iandike faili zima lililokunjuliwa kabla ya kufuta lile la .gz, na nafasi ya kuandikia haipo. zless haiandiki chochote kwenye diski. Maandishi yanapita kwenye bomba, yanafika kwenye kioo, basi.

Sasa tuingie kwenye bomba lenyewe, maana hapa ndipo pananipendeza kuliko pote.

Chukua faili la .gz ambalo likikunjuliwa linafika gigabaiti 40. Andika zless na jina lake. Ukurasa wa kwanza unatokea papo hapo. Mtu asiyejua atadhani gzip ina kasi ya ajabu. Ukweli ni kwamba karibu haijafanya kazi. Imekunjua kipande cha mwanzo na kukimimina kwenye bomba. Kwenye Linux bomba kwa kawaida linabeba baiti 65,536, na likijaa kernel (kiini cha mfumo) inailaza gzip usingizi. Less kwa upande wake imechota kiasi kinachotosha kioo chako, ikatulia kukusubiri. Wewe unasoma. gzip imelala. Ukibonyeza nafasi mara kadhaa less inachota tena, bomba linapata nafasi, gzip inaamshwa, inakunjua kipande kingine, inalala. Kasi ya kukunjua faili la gigabaiti 40 imekuwa kasi ya macho yako.

Halafu unabonyeza q. Less inaondoka na kinywa cha bomba kinafungwa. gzip ikijaribu kuandika tena inapokea ishara ya SIGPIPE na kufa bila kelele. Gigabaiti zilizobaki hazikuwahi kukunjuliwa popote. Hakuna aliyepanga hili kwa ajili ya mafaili ya gzip. Limetokana na kanuni mbili za bomba zilizokuwepo tangu zamani, kwamba likijaa mwandishi anasubiri, na msomaji akiondoka mwandishi anakufa.

Uvivu huo una faida ambayo haitajwi sana. DEFLATE inaweza kubana hadi takriban 1032 kwa 1 kama maandishi ni yale yale yanayojirudia, maana yake faili la megabaiti 10 alilokutumia mtu usiyemjua linaweza kufumuka kuwa zaidi ya gigabaiti 10. Ukilikunjua umeijaza diski. Ukilichungulia kwa zless unaona ukurasa mmoja wa sifuri, unabonyeza q, unalifuta.

Bonyeza G, hata hivyo, na hadithi inabadilika.

G ni "nipeleke mwisho". Kwa faili la kawaida less inaruka moja kwa moja, inasoma baiti za mwisho, imemaliza. Kwa faili la gzip hakuna kuruka, na sababu iko ndani ya mbinu yenyewe. Angalia logi ya seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti: mistari inayoanza na Failed password for invalid user inajirudia mamia kwa mamia, tofauti ni jina na anwani tu. DEFLATE haiandiki maneno hayo tena. Inaandika kitu chenye maana ya "rudi nyuma baiti 97, nakili baiti 41". Inaweza kurudi nyuma hadi baiti 32,768, na kunakili kati ya baiti 3 na 258 kwa mkupuo. Ndiyo maana logi hubanwa vizuri kiasi kile. Lakini maana yake pia ni kwamba ukidondokea katikati ya faili unakuta maagizo ya kunakili vitu ambavyo hujawahi kuviona. Ili ujue ukurasa wa elfu unasemaje, lazima ukunjue ule wa mia tisa tisini na tisa, na ili uujue huo, lazima uliotangulia, mpaka mwanzo.

Kwa hiyo G inailazimisha gzip ikunjue kila kitu, na less haina pa kuyatupa yale yanayopita, kwa sababu wakati wowote unaweza kubonyeza b ukitaka kurudi, na bomba halirudi nyuma. Inayaweka yote kwenye RAM. Faili la kawaida less hulishughulikia kwa bafa (nafasi ya muda kwenye RAM) ya kilobaiti 64, maana sehemu yoyote inaweza kuisoma upya kutoka diski. Kinachotoka kwenye bomba hukishikilia chote. Gigabaiti 40 kwenye seva yenye RAM ya gigabaiti 4, unajua mwisho wake. Ipo swichi ya -B inayoizuia less isijilimbikizie, lakini mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba kurasa za nyuma zitapotea. Asilimia nayo haionekani kwa sababu hiyo hiyo. Less haijui jumla ni kiasi gani. gzip ingeweza kuiambia, ukubwa wa asili umeandikwa mwishoni mwa faili, ila bomba halina njia ya kupitisha habari kama hiyo, linapitisha maandishi tu. Hata hiyo namba ya mwishoni ina baiti nne peke yake, kwa hiyo faili likizidi gigabaiti 4 hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Kwa miaka mingi gzip -l ilitoa majibu ya uongo kwa mafaili makubwa, hadi toleo la 1.12 la mwaka 2022.

Kwenye mkia huo huo kuna CRC-32, tarakimu ya kuhakiki kwamba maandishi hayajaharibika. Fikiria ilipowekwa. Unaposoma ukurasa wa kwanza kwa zless, hakuna aliyehakiki chochote, na ukibonyeza q kabla ya mwisho, hakuna atakayehakiki. Kwa kuchungulia inatosha. Kama logi inaenda kuwa ushahidi wa jambo fulani, kwanza gzip -t ya kuhakiki faili zima, halafu ndiyo usome.

Kituko ninachokiona cha hatari kuliko vyote ni hiki. Uko ndani ya zcat logi.gz | less. Umetafuta neno kwa /, nalo huenda halimo kabisa, kwa hiyo less inachota na kuchota ikielekea mwisho. Unachoka, unabonyeza Ctrl-C. Ishara ile haiendi kwa less peke yake. Kernel inaituma kwa kila programu ya mbele kwenye terminali hiyo. Less imejiandaa nayo, inaacha kutafuta na kubaki pale pale. zcat haikujiandaa, inakufa. Kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Sasa endelea kusoma kwenda chini: utafika mahali less itakuandikia (END), kwa utulivu wote, na hapo sipo mwisho wa faili. Ni mahali zcat ilipofia. Less haijadanganya kwa kujua. Kwake bomba likifungwa maana yake maandishi yameisha. Mtu akitoka hapo na kuandika kwenye ripoti "logi zinaishia saa 8:14 usiku", ripoti imeharibika bila yeye kujua.

Dawa yake ni kutotafuta ndani ya less kama faili ni kubwa. Tafuta kabla, kwa zgrep inayotafuta neno ndani ya faili lililobanwa:

    zgrep -n 'Out of memory' syslog.3.gz | less

Ukishapata namba ya mstari unajua unakwenda wapi, na kama neno halimo umelijua hilo pia. Ukiwa ndani, alama ya & ni nzuri kuliko watu wanavyoijua: &sshd inaficha kila mstari usio na sshd, na & tupu ikifuatwa na Enter inairudisha yote. Mistari mirefu ya logi za wavuti isome kwa -S ili isikunjwe upande wa pili wa kioo.

Kuna swali ambalo kila anayeanza kazi huuliza: mbona less ya kawaida inanifungulia .gz bila zless, halafu nikiweka sudo (ya kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi) inakataa? Jibu ni mshono ule ule, umefichwa tu. Ubuntu inakuja na mstari ndani ya .bashrc (faili la mipangilio ya sheli) unaoendesha lesspipe, na lesspipe inaweka LESSOPEN yake, kama ile ya zless lakini yenye kujua aina nyingi zaidi za mafaili. sudo ikianza inasafisha mazingira na kutupa karibu kila kigezo, LESSOPEN ikiwemo. Less iliyobaki ni ile tupu ya Nudelman, nayo inauliza kwa adabu:

    "syslog.2.gz" may be a binary file.  See it anyway?

Ukijibu y utaona ^_<8B>^H na takataka nyuma yake. Hizo ndizo baiti za kwanza za kila faili la gzip, 1f 8b 08. sudo zless inafanya kazi kwa sababu zless inajiwekea LESSOPEN yenyewe ikishaingia ndani. Bora zaidi, achana na sudo: logi nyingi za Debian na Ubuntu ni za kundi la adm, jiongeze kwenye kundi hilo uzisome kama mtu wa kawaida.

Zile alama nilizoahidi. Ukiweka fito moja, |, mwanzoni mwa LESSOPEN, less inafuata kanuni kwamba kama programu ya upande wa pili haikutoa chochote, basi soma faili lenyewe. Kanuni ya busara, mpaka ukutane na logi iliyobanwa ikiwa tupu. gzip inaikunjua na kutoa sifuri baiti, kama inavyostahili. Less inadhani gzip imeshindwa, inalifungua faili ghafi, nawe unaoneshwa takataka za faili ambalo halina kitu. Fito mbili, ||, zinaiambia less iangalie pia kama programu imemaliza salama. Ikiwa ndiyo, utupu ni utupu. Matoleo mapya ya zless yanatumia ||- pale less inapoziweza, na kistari kile kinaruhusu kusoma hata kile kinachoingia kwa bomba.

Na mshono ukivuja kwelikweli unavuja kwenye jina la faili. Ile %s ndani ya LESSOPEN inajazwa jina, kisha amri nzima inakabidhiwa sheli. Jina ni maandishi, na kwenye Unix jina la faili linaweza kuwa na karibu kila kitu ndani yake, hata alama ya kuanza mstari mpya. Mwaka 2022 ikabainika kwamba zgrep inaweza kuhadaiwa na jina lenye mistari mipya hadi iandike juu ya faili la mtu. Hiyo ni CVE-2022-1271 (CVE ni namba za orodha ya kasoro za usalama), ikazibwa kwenye gzip 1.12. Mwaka 2024 ikaja CVE-2024-32487 ya less yenyewe, hadi toleo la 653: jina lenye mstari mpya, LESSOPEN ikiwa imewekwa, na amri ya mshambuliaji inaendeshwa. Soma maelezo ya zote mbili uone yanavyofanana. Mbinu ya kubana haina kosa, upangaji wa kurasa hauna kosa. Kosa liko pale jina lilipokuwa likivushwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa mafaili ya kupakuliwa kutoka kwa watu nisiowajua, huwa natumia zcat < faili | less, maana hapo jina halipiti popote.

Tuje kwenye umbali. Mimi niko Tanga, seva zangu nyingi ziko Ujerumani, na nyakati nyingine njia yangu ya kufika huko ni bando la simu. Kusoma logi iliyo kule kwa ssh, amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kuna njia tatu zinazofanana kwa macho:

    ssh seva 'zcat access.log.5.gz' | less
    ssh seva 'cat access.log.5.gz' | zcat | less
    ssh -t seva zless access.log.5.gz

Ya kwanza ndiyo mbaya, na ndiyo ninayoiona ikitumika zaidi. Kukunjua kunafanyika Ujerumani, halafu maandishi yaliyokwisha kufumuka ndiyo yanayosafiri hadi kwako. Kwenye ya pili kinachosafiri ni baiti zilizobanwa, kukunjua kunafanyika kwenye kompyuta yako, na kurudi nyuma na mbele hakuna kuchelewa kwa sababu less iko kwako. Ya tatu inaacha kila kitu kule na kukuletea kioo tu. Kwenye terminali ya mistari 24 kwa safu 80, kipimo tulichorithi kwenye terminali ya kale ya VT100, ukurasa hauzidi herufi 1,920. Hiyo -t ni ya lazima, less haiwezi kupanga kurasa bila terminali. Nikichungulia kidogo natumia ya tatu. Nikijua nitakaa na logi hiyo nusu saa, nikipanda na kushuka, natumia ya pili, kwa sababu kusubiri kila kitufe kiende Ulaya na kurudi kunachosha kuliko gharama ya megabaiti.

Mafaili ya .bz2 yana bzless, ya .xz yana xzless, ya .zst yana zstdless, zote ni washonaji wa ukoo mmoja. bzip2 inastahili neno la ziada kwa sababu tabia yake ni tofauti. Haifanyi kazi kwa kunakili vya nyuma. Inachukua bonge la hadi kilobaiti 900, inalipangua na kulipanga upya lote kwa mbinu ya Burrows na Wheeler. Hivyo hata ukurasa wa kwanza unasubiri bonge zima, utauhisi mkono ukiwa mzito kidogo. Lakini mabonge hayategemeani, na kuna watu waliolitumia hilo vizuri.

Wikimedia hutoa nakala kamili za Wikipedia kwa kila lugha, Kiswahili kikiwemo, kwa jina la swwiki. Ukichungulia ile ya kawaida kwa bzcat swwiki-latest-pages-articles.xml.bz2 | less -S unaanza na orodha ya majina ya nafasi: Mtumiaji, Majadiliano, Kigezo, Jamii. Kufika kwenye makala unayoitaka ni mwendo ule ule wa kutoka mwanzo. Basi wakatoa na aina ya pili, multistream: makala zimefungwa mia mia, kila fungu likiwa mkondo kamili wa bzip2 unaojitegemea, kisha mikondo imeunganishwa ncha kwa ncha kuwa faili moja. Pembeni kuna faharasa, nayo imebanwa, kila mstari ukiwa na mahali mkondo unapoanzia, namba ya makala na kichwa chake. Nikitaka Bagamoyo:

    bzcat swwiki-latest-pages-articles-multistream-index.txt.bz2 | grep ':Bagamoyo$'

Namba ya kwanza kwenye jibu naijumlisha 1, maana tail inahesabu kuanzia moja na faharasa inahesabu kuanzia sifuri. Tuseme jumla nimeiweka kwenye kigezo n:

    tail -c +$n swwiki-latest-pages-articles-multistream.xml.bz2 | bzcat | less

Less inafunguka katikati ya kamusi elezo, kwenye fungu la makala mia lenye Bagamoyo ndani yake. Natafuta kwa /, nasoma, nabonyeza q. bzcat inakufa kwa SIGPIPE, na tail nyuma yake.